Plastiki Haibanduliwi

Jumapili, 6 Oktoba

Nimenunua daftari hili la kurasa mia ili mambo makubwa ya masika haya yaandikwe na mtu aliyekuwepo, yaani mimi. Wakubwa wengine wanangoja kufa ndipo waandikwe, na mwandishi anakosea mpaka jina. Langu ni Zébédée Monga. Kamina nzima inaniita Dokta. Shuleni nilifika mwaka wa pili wa sekondari, ukuta wa darasa ukaanguka kwa mvua, na mimi sikurudi kuuliza kama waliujenga. Dunia ndiyo ilinimalizia masomo.

Mbele ya nyumba yangu, karibu na stesheni, kuna kibao nilichokipaka rangi kwa mkono wangu: DOKTA WA KOMPYUTA. PARIS, DUBAI, NDOLA, KAMINA. Ndola nimefika kweli, nikalala siku nne. Dubai nilifika kwa mizigo. Paris nilifika kwa simu. Mtu akinibishia, namwambia aanze kusoma kwa nyuma.

Nauza kompyuta za kukunja za mkono wa pili, zile nene, zenye feni inayonguruma mpaka jirani anajua unafanya kazi. Zinafika kwa treni kutoka Lubumbashi, siku treni inapokumbuka kufika. Miaka sita nimekuwa peke yangu katika biashara hii, na sikuona ubaya.

Ndani nina viti vinne vya sebuleni, vya kitambaa, vimetimiza miaka tisa na bado vina plastiki yake. Mgeni akiinuka, plastiki inalia kama inamuaga. Hapa kwetu plastiki haibanduliwi. Pikipiki, redio, godoro, hata saa ya mkono: plastiki ndiyo cheti cha ubatizo cha kitu. Ukiibandua, umekizeesha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Amekuja mshindani, tena mwanamke, tena wa kambini. Anaitwa Priscille, mke wa askari wa base, mtu wa Kisangani. Ameweka meza hatua hamsini toka kwangu, na juu ya meza vikompyuta vipya, vyembamba kama kitabu cha nyimbo. Kila kimoja kimevaa plastiki yake ya kiwandani, na juu ya plastiki mfuko wa kitenge alioushona mwenyewe. Bei yake nusu ya yangu.

Nilikwenda kumsalimia, maana mimi nina adabu. Nikainua kimoja kwa vidole viwili.

"Mama, hii ni kompyuta ao ni picha ya kompyuta?"

"Papa, hii njo kompyuta," akanijibu, hata hakuinua macho toka kwenye sindano. "Yako njo sanduku yenye ilikuya nayo."

Watu walicheka. Nilicheka pia, kwa sauti kuliko wote, ndiyo siasa. Halafu nikawaeleza kwamba kitu chenye akili kina uzito, na kilicho chepesi ni kitupu. Wengine walitikisa kichwa kwamba ni kweli.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza. Nimeuza moja, Priscille tatu. Mvua ilimsaidia.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sasa mambo yamekuwa mambo. Padre Mwepu alituita parokiani, mimi na Priscille. Vitabu vya ubatizo vya makanisa ya vijijini vinaliwa na mchwa; kuna watu wazima huko ambao karatasi pekee inayosema walizaliwa iko ndani ya tumbo la mdudu. Padre anataka makatekista kumi na wawili waende kwa baiskeli, kila mmoja na kompyuta ndogo, wanakili kila jina kabla masika hayajamaliza kazi yake. Kompyuta kumi na mbili. Yangu moja na ya Priscille moja zitapita mikono ya makatekista kwa majaribio, na Jumamosi ya tarehe 30 Novemba, mkesha wa Majilio, atachagua.

Kila mtu aliyekuwa pale alielewa. Atakayeuza hizo kumi na mbili, mji wote utamfuata. Mwingine atakunja meza.

Mimi kuelewa tu hakunitoshi, lazima niongeze. Nikasimama mbele ya makatekista wote: "Huyu mama akinishinda, nitatoa kibao changu, nitakibeba juu ya kichwa toka stesheni mpaka kambini, nikiweke mlangoni kwake."

"Na minyi nikishindwa?" Priscille akauliza.

"Wewe utaniita Dokta."

"Papa, heri nibebe kibao."

Nilipofika nyumbani, mke wangu Marie-Thérèse alikuwa ameshasikia. Alipima kibao kwa macho, akapima shingo yangu. "Anza kula vizuri," akasema.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hata Guylain wa duka la dawa ameingia. Anauza vikompyuta vidogo zaidi ya vya Priscille, kibodi inatoka kabisa kama meno ya babu, na ukinunua anakupa dawa ya minyoo ya bure. Kijiji chote cha wauzaji kwa wiki mbili. Tukiendelea hivi, kufika Pasaka tutauza kompyuta za kuweka sikioni.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua. Guylain: wateja wawili wameshapoteza kibodi. Nilipita tu mara nne mbele ya duka lake.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama Émerence alinikuta nikihubiri juu ya uzito. Yeye ni katekista, na shamba lake la muhogo liko njia ya kwenda Kabongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo wake chini.

"Dokta, muhogo ya kukauka iko nzito ao iko nyepesi?"

"Nyepesi, mama."

"Na mwenye anakuuzisha muhogo nzito?"

"Huyo ameiacha na maji. Mwizi."

"Haya," akasema, akainua ungo wake. "Minyi siseme kitu."

Tangu leo nimebadilisha mahubiri. Nasifu mwanga wa kioo. Kompyuta yangu ya majaribio ina kioo chenye mwanga kuliko taa ya altare, hilo hata Priscille hawezi kukana.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nitaandika mengi na sitajisifu.

Mama Émerence alikuja asubuhi na kikompyuta cha Priscille. Wiki hii ilikuwa zamu yake kukijaribu. Alikiweka mezani kwangu kama mtu anayeleta kuku mgonjwa.

"Dokta, kinakufaka saa sita ya muchana. Kila siku. Magaribi kinafufuka. Minyi ni katekista, mambo ya kufufuka naheshimu. Lakini kitabu iko na majina elfu mbili."

"Ulimwambia mwenyewe?"

"Nilimwambia. Alikigeuza, alikigeuza, hakuona kitu. Weye njo dokta."

Nikamwambia arudi saa kumi. Nikafunga mlango.

Kikompyuta kilikuwa ndani ya mfuko wa kitenge uliokibana kama soksi, wenye tundu la kioo na tundu la vidole tu. Chini ya kitenge, plastiki ya kiwandani: juu, chini, ubavuni, hakuna pembe iliyo wazi. Nikashika tumbo lake. Moto kama chungu cha bukari, yaani ugali. Hapo nikajua, sikuhitaji hata bisibisi. Vidogo hivi havina feni. Joto lake linatoka kwa ngozi, na Priscille, kwa kuvipenda, ameviacha na shati la plastiki na kuvivika koti juu yake, katika jua la mchana la Novemba. Kila mteja wake amefanya hivyohivyo. Mimi mwenyewe ningefanya hivyohivyo, waulize viti vyangu.

Nikakivua kitenge. Nikashika pembe ya plastiki kwa ukucha, nikabandua tumbo lote, kama nafungua barua ya mwingine. Nikakiwasha na kukiachia kazi. Saa sita kikaishi. Saa saba kikaishi. Saa tisa kilikuwa kizima, baridi, kinanitazama.

Hatua hamsini tu. Ningeweza kuzitembea na plastiki mkononi: mama, dawa ni hii. Nilisimama, hata viatu nilivaa.

Halafu nikawaza kibao. Nikawaza njia yote ile toka stesheni mpaka kambini, na watu wakitoka milangoni. Nikavua viatu. Nikairudisha plastiki mahali pake, nikailainisha kwa kiganja mpaka mapovu yote yakaisha, nikakivisha koti lake.

Saa kumi Mama Émerence alirudi. "Umeona ugonjwa?"

"Ni wa kuzaliwa nao, mama."

"Dawa haiko?"

"Dawa ni kuchukua ile ya Dokta."

Alinitazama kidogo. "Wafwako," akasema, ndiyo asante yetu ya Kiluba, akaenda zake chini ya manyunyu.

Ile asante haijashuka.

Jumapili, 17 Novemba

Misa. Mama Émerence alinipa amani kwa mikono miwili.

Jumatano, 20 Novemba

Habari imeenea kwamba Dokta amesema vya Priscille ni vigonjwa toka tumboni. Watu watatu wamemrudishia. Mimi nimeuza nne. Marie-Thérèse: "Umeuza nne na hujaimba. Unaumwa?"

Saa kumi hivi Priscille mwenyewe akabisha hodi. Akakaa kwenye kiti, kwenye plastiki, mgongo wima.

"Papa Zébédée, leo nakuya kama mugonjwa, sikuye kama mushindani. Banarudisha masini yangu. Minyi najua kuuzisha, sijui mambo ya ndani. Weye umetembea dunia. Angaria moja, uniambie paka ukweli, ukweli tu."

Badala ya kujibu, nikauliza: kwa nini alichagua vitu vidogo hivi.

"Sisi bibi ya basoda, bibi ya baaskari, kazi yetu inapashwa kuingia mu mufuko," akasema. "Kisangani nilikuwa na friji ya kuuzisha maji ya baridi. Ilibakia Kisangani. Kalemie nilikuwa na cherehani. Ilibakia Kalemie. Banapiga filimbi ya kuhama, unakamata batoto na kile mikono inaweza kubeba. Hii mifuko nashona na sindano sababu cherehani iko kwa mwingine. Nilipoona hizi masini nikasema: leo nimepata kazi yenye itanifuata."

Nikampa chai. Nikatia sukari, nikatia tena. Nikamwambia nitaangalia siku nyingine, sasa nina kazi nyingi. Aliinuka, plastiki ikalia, akashukuru kwa chai.

Marie-Thérèse alikuwa amesimama mlangoni na ungo.

"Unajua kitu," akasema.

"Najua vitu vingi."

"Sikuuliza vingi."

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Nimeuza moja. Nilijaribu kuimba.

Jumanne, 26 Novemba

Leo Mungu amenitania, na kwa mizaha mimi namheshimu.

Padre alitaka mashine zote mbili zifanye kazi pamoja, ukumbini, mbele ya makatekista wote. Saa sita ile ya Priscille ikafa, kama kawaida. Yangu ikanguruma mchana kutwa kama trekta la Bwana. Jioni mvua ikakatika, hewa ikatulia, na mimi nikapandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho ili kila mtu aone. Waliona. Nswa waliona kwanza.

Kumbikumbi wa mvua ya jana walitoka ardhini kwa pamoja, wote, na kati ya taa zote za parokia wakachagua kioo changu. Kwa dakika moja ukumbi haukuwa na makatekista tena, ulikuwa na watu wenye njaa. Mama Émerence akaingia na beseni la maji, akaliweka chini ya kompyuta yangu kwa heshima.

"Dokta, usizime. Iko inavuta muzuri kuliko taa ya koroboi."

"Mama, ni mashine ya ubatizo."

"Ndiyo, banabatizwa," akasema, akionyesha wale waliokuwa majini.

Feni yangu ninayoisifu miaka sita ilikuwa ikivuta pumzi kwa nguvu zake zote. Ikavuta mabawa, ikavuta miili. Ikakohoa. Halafu ukumbini ikatoka harufu nzuri kabisa ya nswa wa kukaangwa, na kioo kikawa cheusi. Padre Mwepu alilazimika kutoka nje kucheka, padre hacheki mbele ya msiba.

Kile cha Priscille kilikuwa kimefufuka magharibi, kama desturi yake. Hakina tundu, hakina feni. Nswa walitembea juu yake wakakosa mlango.

Nimeifungua yangu nyumbani. Nikatoa kikombe kizima. Marie-Thérèse akawatia chumvi.

Alhamisi, 28 Novemba

Mashine imepona. Mimi bado.

Jumamosi, 30 Novemba

Padre alisema maneno machache. "Ya Dokta ilikufa mara moja, na sisi wote tulikula sababu. Ya mama Priscille inakufa kila siku, na hakuna anayejua sababu. Baiskeli zinaomba kile chepesi, lakini baiskeli hazinakili vitabu. Tunachukua zile za Dokta."

Makofi. Mkono wangu mwenyewe ulipiga makofi kabla sijaukataza. Nilikuwa nimeshinda. Kibao kilikuwa kimebaki mahali pake.

Priscille alikitoa kikompyuta chake katika mfuko wa kitenge, akaukunja mfuko mara mbili, mara nne, mpaka ukawa mdogo wa kuingia kiganjani. Nikaona jinsi vidole vyake vilivyojua kazi hiyo. Alikuwa ameshaikunja friji, ameshaikunja cherehani.

"Mon Père," nikasema, "kuna anayejua sababu."

Nikaenda kwenye meza yake. Nikashika pembe ya plastiki, nikavuta. Inatoa sauti ndefu, plastiki ya miezi miwili. Ukumbi mzima uliguna kama nimemvua mtu nguo. Mama Émerence alifunika macho kwa kitambaa. Katekista mmoja akasema nyuma, taratibu, "Sasa imekuwa nzee." Nikavuta ya chini, ya juu, ya ubavuni, mpaka kikabaki uchi, kinang'aa. Nikakiweka dirishani penye jua.

"Tungoje saa sita ipite."

Tulingoja. Kengele ya mchana ikalia, Malaika wa Bwana ikasaliwa, watu wakisali kwa jicho moja. Nusu saa, saa nzima. Kikompyuta kiliendelea kuandika majina chini ya vidole vya Mama Émerence, jina baada ya jina. Padre aliweka kiganja tumboni pake. "Baridi," akasema. Halafu akanigeukia mimi, na swali lake nililijua.

Nikaeleza yote. Tarehe 16, viatu nilivyovaa na kuvua, mapovu niliyoyalainisha.

Priscille aliuliza kitu kimoja. "Ile siku nilikaa kwa kiti yako. Ulikuwa umejua?"

"Nilikuwa nimejua, mama."

"Na ulinipa chai."

"Na sukari."

"Sukari ilikuwa mingi," akasema. "Nikajiuliza."

Parokia imechukua kumi na mbili zake. Makatekista wamekubali, ila wamebishana na Padre mpaka saa nane kama wanaweza kuacha plastiki ya juu tu, kidogo, kwa ajili ya heshima. Padre amekataa.

Basi nikang'oa kibao. Kizito, nilikipaka rangi mara tano. Kamina yote ilikuwa barabarani, na Guylain alitoka na wateja wake mlangoni kunihesabia hatua. Niliwaambia wapishe, Paris inapita. Nusu ya njia mvua ikaanguka ile ya kweli, na nikasikia miguu nyuma yangu. Priscille, na mwavuli. Akauinua juu, akafunika kibao.

"Mama, mimi nalowana."

"Kibao ni yangu. Weye lowana."

Tukatembea hivyo mpaka kambini, yeye na mwavuli juu ya mbao, mimi chini ya maji. Mlangoni kwake nilikiegemeza ukutani. Akakisoma, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Dubai ulifika?"

"Mizigo ilifika."

"Minyi nitafuta Dubai," akasema. "Nitaweka Kisangani. Na Kalemie." Akafikiri kidogo. "Jumatatu ukuye na wembe. Kuna bateja tatu wa kurudishia masini yabo. Weye njo utabandua, minyi siwezi, mukono inakataa."

Jumapili, 1 Desemba

Majilio. Ukuta wa mbele una mraba safi pale kibao kilipokuwa. Mgeni angefikiri nimepaka dirisha.

Nilirudi misani nikamkuta Marie-Thérèse amepiga magoti mbele ya viti, na wembe wangu mkononi. Plastiki ya viti vitatu ilikuwa tayari sakafuni, ya manjano, ngumu, imekunjika kama ngozi ya kitu kilichohama. Nilishika pembe ya kiti cha nne, akakata, nikavuta.

Chini yake kitambaa ni chekundu, kina maua madogo meupe. Nilikuwa nimesahau maua.

Alikaa. Akapitisha kiganja juu ya mkono wa kiti, akaenda, akarudi.

"Miaka tisa," akasema. "Kumbe ni laini."

Nikakaa karibu naye. Baadaye jirani akaita nje, Marie-Thérèse akainuka kwenda kumwitikia, na kiti hakikulia.